Rangi Mbili Zilivyonivua Ngozi

Ulikuwa mwaka wa michembe. Mvua ilinyesha mpaka dagaa wakakosa jua la kuwaanika, wakaozea mchangani, na mahindi ya Bunda yakaota ukungu yangali shambani. Tukabaki na viazi vikavu vya mwaka wa nyuma. Asubuhi michembe na chai, mchana michembe na maharage, na Jumapili michembe na karanga ili tujue kwamba ni Jumapili. Anayeikumbuka michembe ile anajua ni mwaka gani, haukupishana sana na ule wa chanjo ya Korona. Asiyeikumbuka alikuwa anakula wapi, na kwa nini hakutuita.

Mimi nilikuwa na miaka sabini na kidogo, na nilikuwa na ngozi. Nasema hivyo kwa sababu wenzangu wote walikuwa na makunyanzi. Nilizaliwa Kibara, nikapakwa samli tangu siku ya kwanza, nikaolewa Musoma, hapa Kamunyonge, na mzee wangu hakunioa kwa ajili ya kupika. Mpaka leo akiulizwa anasema alinioa kwa sababu mikono yangu ilikuwa inang'aa, halafu anaongeza kwamba kung'aa hakushibishi. Kanisani, akina mama wa kwaya wakinipa mkono wanaushikilia kidogo, wananiuliza napakaga nini. Nawaambia sipaki kitu, ni kuzaliwa. Nilikuwa napaka vaselini kila siku, lakini siyo kila kitu ni cha kuambiana.

Nina mdogo wangu wa kike, kaolewa Butiama. Huyu ndiye daktari wa ukoo wetu. Hakusoma kunizidi, na mimi niliishia darasa la nne, lakini ana kopo la maziwa ya unga ambalo ndani yake zimo dawa zilizobaki za kila mtu aliyewahi kuugua jirani naye. Mtu akipewa dozi hospitali, akapata nafuu siku ya tatu, zile za siku ya nne na ya tano zinahamia kwenye kopo. Naye anazijua kwa sura kama watoto wake. Hii ya kichwa, hii ya tumbo, hii ya mgongo wa marehemu shemeji. Lakini kubwa lao ni rangi mbili.

Rangi mbili ni kile kidonge mfano wa risasi, nusu rangi hii, nusu rangi ile, na unga ndani. Huku kwetu hakina ugonjwa wake maalumu. Jino, rangi mbili. Kifua, rangi mbili. Jipu, mkojo unaochoma, mtoto kakohoa, rangi mbili. Nimeona mtu anampa kuku, na kuku akapona, akaliwa.

Basi nilikwenda Butiama kwenye msiba wa jirani wa mdogo wangu, na jino likaniamkia palepale msibani. Shavu likavimba hata watu wakadhani nimelia kuliko wafiwa. Mdogo wangu akanivuta ndani, akafungua kopo, akanipa mbili za asubuhi na mbili za jioni, na nyingine za kwenda nazo nyumbani akanifungia kwenye pindo la khanga. Kesho yake jino likanyamaza. Mdogo wangu akatembea msibani siku nzima kama mganga mkuu wa mkoa, anawaonyesha watu shavu langu.

Siku niliyorudi Kamunyonge ndiyo makwapa yalianza kuwaka. Nikadhani ni joto la safari. Moto ukashuka kwenye mikunjo ya kiuno na sehemu ambazo bibi hazitaji, ukapanda shingoni, ngozi ikaiva ikawa na wekundu wa kiza kama maini. Homa ikanitetemesha mchana wa jua kali. Kulipokucha nikajitazama mikono, nikaona vipele vyeupe, vidogo, vimejaa kama ulezi uliomwagwa kwenye ungo, na kila punje ina tone la usaha kichwani. Kifuani, mgongoni, mapajani, kote ulezi.

Mzee wangu alinitazama, akasogeza kiti chake nyuma kidogo, kwa adabu. Akazungumza habari za mvua, akasogea tena. Kufika mchana alikuwa ameshafika kwenye mpapai, anazungumza na mimi kwa kupaza sauti kama mtu aliye ng'ambo ya ziwa. Chai yangu aliisukuma mlangoni kwa mti wa kuangulia mapapai.

Majirani nao wakaja na vyeti vyao. Mmoja kutoka Kitaji akasema hiyo ni tetekuwanga. Mwingine akasema ni mkanda wa jeshi, ila huu umekuja na jeshi lenyewe. Wa tatu, anayesikilizaga sana redio, akasema ni homa ya nyani, akaniuliza kama nimekutana na nyani siku za karibuni. Nikamwambia wiki hii nimekutana na wewe tu. Kwaya ikaja kuniombea, ikasimama nje ya uzio, ikaimba kwa nguvu ili maombi yaruke. Hakuna aliyeniuliza napakaga nini.

Mzee wangu yeye alikuwa na jibu lake tayari, ni chanjo. Alisema alishasema. Yeye mwenyewe tulichanjwa naye siku moja, foleni moja, na hakuota hata chunusi, lakini hilo lilikuwa limemtoka kichwani.

Mimi nikajitibu. Nilikuwa na dawa ya uhakika kwenye pindo la khanga, iliyolinyamazisha jino, nikasema itavinyamazisha na vipele. Nikameza mbili. Mchana ulezi ukawa umeungana, mahali pengine ngozi ikawa inateleza kama utando wa maziwa. Nikameza mbili tena.

Siku ya tatu nikashindwa kufunga khanga, kila inapogusa inabandua. Wakaniweka kwenye bajaji kunipeleka hospitali pale Musoma, na mzee wangu akakaa mbele na dereva, wamebanana kwenye kiti kimoja kama kuku wawili kwenye tundu.

Daktari aliyenipokea alikuwa kijana, ndevu zake bado zinashauriana kama zitoke. Lakini hakurudi nyuma. Alivaa glavu, akanigusa mkono, akageuza shingo yangu kwenye mwanga, akatazama makwapa, akatazama mdomoni. Akaniuliza nimetumia dawa gani wiki ile. Nikamwambia sijatumia dawa. Akaniuliza tena, nikamwambia sijatumia. Akaniuliza mara ya tatu kwa maneno mengine, kama vile za kununua dukani, au za mtu. Nikamwambia mwanangu, mimi siyo mtu wa dawa.

Nusu ya jibu lile lilikuwa ujinga. Rangi mbili kwangu haikuwa dawa, kama chumvi isivyokuwa mboga. Nusu nyingine ilikuwa kiburi. Alipotaja dawa za mtu nilishahisi anakoelekea, na sikutaka mdogo wangu atajwe na mtoto wa watu ndani ya hospitali. Pindo la khanga nikalikalia.

Daktari akavuta kiti, akakaa karibu kabisa, karibu kuliko mume wangu.

"Bibi," akasema, "kuna kitu kimeingia mwilini na ngozi yako inakikataa. Kama bado unakimeza, hii haitakoma, na mimi sijui nikuzuie nini."

Nikakumbuka zile mbili za asubuhi. Nikakumbuka na zile za jana. Nikatazama mikono yangu iliyonioza mume, nikaona kama inaniomba.

"Rangi mbili tu," nikamwambia.

"Rangi zipi?"

"Mbili, mwanangu. Zingekuwa tatu ningekwambia."

Muuguzi akageukia ukutani kucheka. Daktari hakucheka. Nikafungua pindo, nikampa zilizobaki, nyekundu upande mmoja na njano upande mwingine. Akaigeuza moja kwenye vidole, akasoma herufi ambazo mimi miaka yote nilidhani ni mapambo, akasema inaitwa amoksilini. Nilikuwa nimemeza kitu kile tangu ujana wangu, na sikujua kwamba kina jina, kama mtu.

Akanieleza taratibu. Usaha ule hauna mdudu. Siyo tetekuwanga, siyo homa ya nyani, siwezi kumwambukiza mtu hata nikimkumbatia. Hapo nikamtafuta mzee wangu kwa macho, nikamwona mlangoni anasoma tangazo la kunawa mikono. Daktari akasema ni ngozi imeikasirikia dawa, na ikikasirika hivyo inatoa vipele vya usaha ndani ya siku moja au mbili. Watu wengi sana wanaimeza na hawapati kitu, na mimi mwenyewe nilikuwa naimeza, mpaka siku mwili ulipoamua kwamba basi. Zipo na dawa nyingine zinazofanya hivyo, na mara chache kabisa hata chanjo.

Mzee wangu kusikia chanjo akaacha tangazo, akaingia ndani, akasema alishasema. Daktari akamuuliza chanjo yenyewe nilichanjwa lini. Alipojibiwa akamwambia, mzee, hiyo imeshapita zamani, isingengoja muda wote huo, hii ni ya kidonge cha juzi. Mzee wangu akarudi kwenye tangazo lake.

Nikauliza kama ugonjwa huu wanaupata wengi. Daktari akasema ni nadra, nadra sana, yeye tangu aanze kazi hajauona kwa macho, aliusoma kitabuni tu. Mungu anisamehe, nilikuwa natetemeka kwa homa, ngozi inanitoka, lakini niliposikia vile nilijisikia vizuri.

Wakanitoa damu kuona kama na ndani kumewaka. Ndani kulikuwa salama. Wakanilaza siku chache, wakanipaka dawa ya kutuliza, na vile vidonge vyangu wakavichukua wasinirudishie. Homa ikashuka. Vipele vikakauka vyenyewe bila kutumbuliwa. Halafu wiki ya pili nikaanza kubambuka. Nilibambuka kama kitunguu, ganda jembamba juu ya ganda jembamba, nikikaa kwenye kiti nikiinuka naacha bibi mwingine mdogo pale. Chini yake ikatoka ngozi laini, changa, ya mtoto wa kubatizwa. Mzee wangu akakirudisha kiti chake kutoka kwenye mpapai, kila siku hatua moja, na siku alipofika karibu nami akasema sasa amepata mke mpya bila kutoa ng'ombe. Nikamwambia huyu mpya ana masharti, na la kwanza ni kwamba chai analetewa kwa mkono.

Nyuma kidogo, siku ile ya kutoka hospitali, daktari alikuwa ameniandikia jina lile kwenye karatasi ngumu, akaniambia kila ninapotibiwa nitoe hiyo kwanza, kabla ya salamu. Isipite mdomoni, isipite kwenye sindano, isigusane na mimi kwa namna yoyote, maana ikirudi itarudi na hasira zaidi. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Yeye alisema jina. Mimi nilisikia rangi.

Nikarudi Kamunyonge na tangazo moja, nimekatazwa rangi mbili. Kila mtu akajua. Nikipewa kidonge cha tumbo, kijani na cheupe, nakataa. Mzee wangu akawa ananiuliza kama khanga za rangi mbili bado naruhusiwa au twende kwa daktari tukaulize. Kwaya nayo ilirudi ndani ya uzio, na mimi nikawasimulia ugonjwa wangu mara nyingi kuliko walivyotaka kuusikia, na kila nilipofika kwenye neno nadra nilinyamaza kidogo ili liwaingie.

Baada ya hapo nilikwenda Kibara kuwasalimia watu wetu, upepo wa ziwa ukanipata, nikarudi nakohoa kifua kizima. Nikashuka Bunda, nikaingia duka moja la dawa. Binti aliyekuwa anauza akanisikiliza nikikohoa, akanitolea vidonge vikubwa. Nikavitazama. Vyeupe mbele, vyeupe nyuma. Rangi moja. Roho yangu ikatulia kabisa. Nikaomba maji nimeze cha kwanza palepale, nisicheleweshe kifua.

Wakati ananifungulia chupa, mdomo ukaniwasha. Nikamwambia mjukuu wangu, wewe hapo ulipo hujawahi kuona mtu kama mimi. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia nina ugonjwa wa kitabuni. Akacheka, akadhani ni maneno ya wazee. Nikaona ananidharau, nikatoa karatasi ya daktari nikaiweka mezani ili ajue anaongea na nani. Kidonge nilikuwa nacho mkono wa kulia, maji mkono wa kushoto.

Binti akasoma. Akazunguka meza mbio, akanishika mkono ule wa kulia akaninyang'anya kama mtu anayempokonya mtoto kisu.

"Bibi, hii ndiyo hiyohiyo. Imechanganywa na nyingine tu."

Nikamwambia haiwezekani, ile ni ya rangi mbili. Akanishushia kutoka kabatini kimoja baada ya kingine. Kile cha risasi ninachokijua. Hiki cheupe. Na kichupa cha watoto, cha kukoroga na maji, kinanukia pipi. Kote akanionyesha kwa kidole herufi zilezile, nikazifuatisha na za kwenye karatasi yangu, a kwa a, m kwa m, kama nimerudi darasa la nne. Mtu mmoja, nguo tatu. Nikakaa kwenye kreti ya soda. Nisingejisifu nisingesalimika. Hilo la kujisifu sijamwambia mzee wangu mpaka leo.

Sasa kulikuwa na mtu mmoja ambaye sikuwa nimemwambia lolote. Musoma nzima ilijua, Kibara walijua, na Bunda alijua yule binti. Mdogo wangu wa Butiama alijua tu kwamba nilipata vipele nikapona. Lile kopo ndilo cheo chake. Hana kingine. Watu wanambishia hodi kwa ajili ya lile, wanamwita daktari kwa utani na yeye anaitika bila utani. Nikasema nitamwambia kwa upole. Nilikwenda mara mbili, upole haukupatikana, nikala nikarudi.

Mara ya tatu nilikwenda kumsaidia kuvuna viazi. Tulikuwa tunabishana shambani nani kati yetu alikuwa mvivu zaidi utotoni, na jembe langu, kwa kumcheka yeye, likanipata mguuni kando ya kidole gumba. Damu ikatoka kwa fujo. Akanikokota mpaka uani, akaniosha kwa maji ya chumvi, akanifuta, akaingia ndani. Alivyotoka alikuwa amebana kidonge kati ya vidole, anakizungusha kukifungua. Wengi huku hawamezi tu rangi mbili, wanaifungua na kumwaga ule unga juu ya kidonda. Ulikuwa umeshaanza kuchungulia, mweupe, na mguu wangu uko wazi chini yake. Kidonda kikubwa na ngozi changa, hata unga ungeona njia. Nikauvuta mguu.

"Dada, tulia."

"Hiyo ni nini?"

"Rangi mbili. Humezi, nanyunyizia tu."

Hapo ndipo nilipomwambia yote, mguu ukiwa unatoa damu kwenye beseni. Jino, vipele, bajaji, kubambuka, yule daktari. Na kwamba ile iliyonichuna ilitoka kwenye kopo lake. Upole sikuupata hata siku ile, maneno yalitoka kama yalivyo. Mdogo wangu akabaki ameshika kile kidonge nusu wazi, unga unamwagikia khanga yake.

Akasema ameitoa miaka yote kwa watu wote na haijamdhuru mtu. Nikamwambia najua, ni mimi peke yangu, mimi ni nadra. Hakucheka. Akaniuliza kwa hiyo yeye ndiye aliyenivua ngozi. Nikamwambia siyo wewe, ni amoksilini. Akalirudia jina lile kimyakimya, kwa midomo tu, halafu akainuka akaingia ndani, nikasikia kopo linamiminwa kitandani, vidonge vinagongana kama karanga. Akarudi uso umechangamka kidogo, ana kingine mkononi.

"Hii siyo ile, dada. Ile nyekundu na njano. Hii kijani na nyeusi."

"Inaitwaje?"

"Si ni rangi mbili tu."

"Simezi, sipakwi, sinyunyiziwi, mpaka uniambie jina lake."

Akakigeuza juani. Herufi zilikuwa zimefutika kwa kukaa sana kopo moja na wenzake. Akakisogeza karibu na jicho, akakipeleka mbali, akakilamba kidogo kama vile jina liko kwenye ladha. Akasema mimi tangu nilazwe Musoma nimekuwa mgumu, najifanya nimesoma. Akapiga magoti mbele ya beseni, akaushika mguu wangu kwa mkono mmoja, mkono mwingine una kile kidonge, na sauti yake ikawa ndogo, ya mtoto niliyekuwa nambeba mgongoni kule Kibara.

"Dada, mimi nikudhuru?"

Nikamwekea mkono kichwani. Nikamwambia hapana, mdogo wangu, wewe hapana. Akakinyanyua tena juu ya kidonda, ananitazama, ananiomba nimwamini mara hii moja tu.

"Simezi, sipakwi, sinyunyiziwi, mpaka uniambie jina lake."